Kipa wa hoki ya barafu aliye benchi akiwa na miaka 25, amekwisha?

Hajakwisha, dada yangu. Wasema kijana wako hapo Shela anawafuatilia makipa wa hoki ya barafu, na kaambiwa asiyeanza mechi akiwa na miaka 25 hana lake tena. Mwambie amtazame Dominik Hašek, Mcheki. Timu ya Chicago walimchagua 1983, akavuka kwenda Marekani 1990, na huko akawekwa nyuma ya Ed Belfour, kipa wao wa kwanza. 1992 akahamia timu ya Buffalo. Tuzo ya Vezina, ya kipa bora wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, aliipata mara ya kwanza 1994 akiwa na miaka 29, kisha akaichukua mara 5 zaidi!

Mimi naipenda sana ile ya Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998: nusu fainali na Kanada ikaenda penalti, akazuia zote 5. Alikuwa akijitupa chini kabisa, pengine anaiachia fimbo makusudi ili akidake kile kisahani cha raba kwa mkono uleule.

Nafunza makipa wa kandanda hapa Lamu, na naona kipa hukomaa polepole kuliko mshambuliaji, maana kazi yake kubwa ni kuusoma mchezo. Hašek aliondoka NHL 2008, ana miaka 43.