Baba mkali bila babu: jibu kwa mwenye uzi

Mkuu, umeuliza kama ukali wa baba zetu ulitukomaza au ulituvuruga, maana mkeo anakuambia unamdekeza kijana wenu wa miaka tisa, na wewe hutaki apitie fimbo ulizopitia. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika: wapo wanaosema bila mkanda wa mzee leo wangekuwa vibaka, na wapo wanaotaka wazee wote wafikishwe polisi. Mimi siko kundi lolote kati ya hayo. Nitakwenda kwa urefu kidogo, nivumilie.

Mzee wangu ni Msukuma wa Shinyanga vijijini. Aliajiriwa reli miaka ya sabini, akapangiwa karakana ya Morogoro, nasi tukazaliwa na kukulia kota, nyumba za wafanyakazi wa reli. Fundi wa injini, maneno machache, mkanda mwingi. Baiskeli yake ikisikika nje, redio inazimwa na waliokuwa sebuleni wanahamia uani. Ripoti ya shule aliisoma amesimama, akimaliza anamwita mama: "Mwambie mwanao hesabu za namna hii sizitaki tena." Na mwana mwenyewe umesimama hapo hapo, unasikia kila neno. Viatu vikichanika unamwambia mama, mama anangoja mzee ale ashibe ndipo analeta hoja. Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, nilirudi mpirani nikakuta tranka jipya la bati mlangoni, jina langu limeandikwa juu kwa rangi nyeupe, mwandiko wa mzee. Mwenyewe alikuwa barazani anakunywa chai, hakunitazama. Ni mama aliyeninong'oneza kwamba lile tranka amelikopea kazini.

Watu husema ukali wa namna hiyo unaua hisia za mtoto wa kiume. Kwangu haukuua kitu. Hofu, aibu, mapenzi kwa mzee, vyote vilikuwepo tele, ila vilizoea kupitia kwa mama. Mama ndiye alikuwa posta yetu, na alipofariki mimi na mzee tukabaki kila mtu na barua zake mkononi. Simu zetu za miaka ile zilikuwa hivi:

"Shikamoo mzee."
"Marahaba. Huko mvua?"
"Bado."
"Haya."

Basi, imekatika. Nikimtumia hela hasemi kitu, ila kesho yake dada ananipigia kuniambia mzee amefurahi sana. Mama hayupo, tukamkabidhi dada kazi ile ile. Na sisi wa kota ile tuko wengi: mwanaume mzima, ana watoto wa sekondari, akitaka kumaliza ugomvi na mwanawe anamtuma mkewe.

Nilianza kumwelewa mzee siku nilipofikiria kijiji alikotoka. Usukumani kulikuwa na shikome, moto unaowashwa jioni karibu na zizi. Wanaume na wavulana wanaota, wanakula, wazee wanaongea, vijana wanasikiliza. Baba alikuwa mkali hata huko, tena sana. Lakini babu alikuwepo, na babu na mjukuu ni watani. Bibi anakuita mume wangu, babu anakushtaki kwamba umemnyang'anya mke. Ukichapwa mchana, jioni babu anakuuliza ilikuwaje, anakucheka, kisha anakusimulia jinsi huyo baba yako anayejifanya simba alivyopoteza ng'ombe akajificha mtamani. Habari za wasichana unampelekea mjomba. Baba hakutakiwa kuwa laini, kwa sababu ulaini ulikuwa na wenyewe.

Kisha baba zetu wakapanda treni kuja kutafuta kazi. Ukali walikuja nao, maana ndilo fungu lao. Babu na mjomba walibaki kijijini. Kwenye kota ya vyumba viwili, kazi yote ya akina babu ikamwangukia mama, ambaye tayari alikuwa na kazi zake.

Asinielewe mtu vibaya kwamba natetea fimbo. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2009, uliofanywa na UNICEF, CDC (kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa) na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, wamewahi kufanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 bado inaruhusu adhabu "ya kiasi". Kenya waliukata mzizi wa viboko kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 29. Mdogo wangu alichapwa mkanda ule ule niliochapwa mimi, na mpaka leo jirani akipandisha sauti yeye anaacha kula. Kwa hiyo mchangiaji anayesema "mbona mimi nilichapwa na niko sawa" ajisemee mwenyewe.

Sasa kijana wako. Muulize mkeo anaona nini hasa anapokuambia unamdekeza. Kama mtoto haoshi sahani yake na hajui saa ya kurudi nyumbani, mkeo yuko sahihi, kuwa mkali. Ila neno litoke kinywani mwako liende masikioni mwake, la kukaripia na la kusifia, usimtume mama yake. Na umsikilize kabla hujaamua. Katika miaka yote ile mzee hakuwahi kuniuliza "ilikuwaje?", na hilo liliniuma kuliko mkanda.

Halafu mtafutie babu. Mzee wangu sasa amestaafu, amerudi Shinyanga, na wanangu wanamvuta masikio. Ndugu zangu wanashangaa, wanasema uzee umemlainisha. Mimi naona amefika zamu yake tu. Likizo iliyopita alimsimulia mwanangu jinsi nilivyokuwa natoroka shule kwenda kuogelea mto Morogoro, jambo ambalo miaka yote nilidhani halijui.

Kama baba yako yu hai na afya inamruhusu, mpelekee mjukuu likizo ya Juni, mwache huko wiki mbili. Wewe ukishamfikisha panda basi urudi. Ukikaa, mzee atajikuta amekuwa baba tena.