Nebraska na makocha wao: ninavyouona mjadala huu nikiwa Lincoln

Mleta mada umeuliza kama watu wa jimbo la Nebraska, Marekani, wana akili timamu, maana walimfukuza kocha aliyeshinda mechi 9 kati ya 12, halafu miaka ya baadaye wakamlipa mwingine dola milioni 15 aondoke tu. Na mdau hapo juu kajibu kuwa dawa ni timu kupewa mzawa anayeijua jezi. Ngoja nichangie, kwa sababu niko Lincoln tangu msimu wa mwisho wa kocha Bo Pelini, na mpira wa Kimarekani katika mji huu huukwepi hata ukitaka.

Mjue kwanza kwamba jimbo zima lina watu kama milioni 2 na halina timu kubwa ya kulipwa ya mchezo wowote. Lina Cornhuskers, timu ya chuo kikuu, basi. Uwanja wao unaingiza watu zaidi ya 80,000, na mfululizo wa tiketi kuisha wanauhesabu tangu Novemba 1962. Kocha wa timu hii ndiye mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote jimboni, gavana hamfikii hata robo. Hizo pesa za kuvunja mikataba, kwa wanaoshangaa, hazitoki kwenye kodi: idara ya michezo inajitegemea kwa viingilio, haki za televisheni na matajiri wanaochangia.

Hadithi ya 2003, ya yule kocha wa mechi 9 kati ya 12, nilifundishwa na mzee mmoja niliyekuwa namhudumia kwenye nyumba ya wazee. Jumamosi ya mechi lazima nimvalishe koti lake jekundu, ingawa hatoki kitandani. Televisheni anaizima sauti, anafungulia redio, kwa sababu redio inatangulia picha kwa sekunde kadhaa. Kwa hiyo yeye anashangilia wakati mimi kwenye kioo bado namwona mchezaji anakimbia, kisha ananicheka.

Huyo mzee hakuwa na neno baya kwa Frank Solich, kocha mwenyewe. Kocha aliyemtangulia, Tom Osborne, alistaafu baada ya msimu wa 1997 akiwa na ushindi 255 na ubingwa wa nchi mara tatu ndani ya misimu minne. Solich, aliyewahi kuchezea timu hiyo na kuwa msaidizi wa Osborne tangu 1979, akarithi kiti. Akashinda 58, akapoteza 19. Msimu wa 2001 aliwafikisha hadi mechi ya kugombea ubingwa, wakapigwa na Miami 37–14. Uliofuata ukawa mbovu, 7–7 (ushindi 7, vipigo 7). Wa 2003 akarudi na 9–3, akamfunga Colorado, na siku ya pili yake mkurugenzi wa michezo, Steve Pederson, akamtimua.

Hapo ndipo mnapopaswa kusimama kidogo. Kufukuza peke yake kungevumilika. Kilichoumiza ni kilicholetwa badala yake. Kwa miaka mingi Nebraska walicheza mpira wa kukimbia, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) anausoma ukuta wa adui papo hapo na kuamua kama atoe mpira au akimbie nao mwenyewe. Staili hiyo ilifaa mahali pale. Vijana hodari wa kurusha na kudaka wanatoka Texas, Florida na California, wala hawana haraka ya kwenda kwenye baridi ya Lincoln. Lakini vijana wakubwa wa mashambani wa kusukuma ukuta wapo, tena wengine walijiunga bila ufadhili wowote, wakijilipia karo miaka miwili mitatu mpaka wakaiva. Pederson akamleta Bill Callahan kutoka Oakland Raiders, timu ya kulipwa, aliyeanza upya na mpira wa pasi kama wa timu za kulipwa. Mwaka 2004 wakamaliza 5–6, msimu wao wa kwanza wa kupoteza mechi nyingi kuliko kushinda tangu 1961. Mwaka 2007 wakafungwa na Kansas 76–39. Kansas!

Solich naye akaenda Chuo Kikuu cha Ohio, ligi ndogo, akakaa kuanzia 2005 mpaka akastaafu mwenyewe, akiwa na ushindi zaidi ya mia.

Sasa fuatilieni mabosi. Pederson aliondolewa Oktoba 2007. Osborne akarudi kuwa mkurugenzi, akamwondoa Callahan, akampa timu Pelini. Pelini hakushinda chini ya mechi 9 msimu wowote kati ya saba, akafukuzwa 2014 na mkurugenzi mwingine, Shawn Eichorst, aliyemleta Mike Riley: ushindi 19, vipigo 19. Eichorst naye akatimuliwa Septemba 2017, hata msimu wa Riley haujaisha. Akaja Bill Moos, akamchukua Scott Frost. Moos akaondoka 2021, Frost akabaki na bosi asiyemchagua, Trev Alberts. Mnaona mtiririko? Kila bosi anakuja na mtu wake, anaondoka, na bili inabaki kwa anayefuata.

Nije kwa huyo mzawa. Mdau, Frost ndiye mzawa mnayemwota. Kazaliwa Lincoln, kakulia Wood River, alikuwa kwotabeki wa timu bingwa ya 1997, na katoka kufundisha UCF (Chuo Kikuu cha Central Florida) na msimu wa 13–0. Sijamsikia mtu hata mmoja mjini akipinga siku anatangazwa. Matokeo: ushindi 16, vipigo 31, na mechi zilizoamuliwa kwa tofauti ya pointi 8 au chini alishinda 5, akapoteza 22. Kule Dublin, Ireland, 2022 alikuwa anaongoza Northwestern 28–17, akaamuru mpira upigwe mfupi ili wauwahi wenyewe, ukadakwa na wapinzani, wakalala 31–28.

Usiku wa Septemba 10 mwaka huo kikundi cha kanisa letu tulikuwa tunauza vyakula uwanjani, tunachangisha. Nilikuwa nahesabu mikate ya Runza iliyobaki (ile yenye nyama na kabichi ndani) nikamsikia mtu anasema, bila hasira, "Imekwisha kwake." Georgia Southern, timu ya ligi ndogo, walikuwa wamefunga zikiwa zimebaki sekunde 36: 45–42. Kabla ya hapo Nebraska walikuwa hawajawahi kupoteza nyumbani wakifikisha pointi 35, mechi 214. Kesho yake Jumapili, Frost kazi hana.

Ndiyo hiyo milioni 15 ya mleta mada. Mkataba ulikuwa unasema fidia ingeshuka hadi 7.5 ikifika Oktoba 1. Wiki tatu tu! Hapa jirani zangu waligawanyika, wengine wakasema ni ufujaji. Mimi nilikuwa upande wa Alberts. Uwanja ulishamkataa, kumbakiza kungeongeza vipigo na kuwatorosha vijana waliokuwa wanafikiria kujiunga. Jumamosi iliyofuata Oklahoma waliwachapa 49–14 hata bila yeye, maana shimo lilishachimbwa.

Kwa hiyo jibu langu: Solich alionewa, Frost alistahili. Na uzawa hauhusiki popote, kama ambavyo Simba na Yanga wamefukuza wazawa na wageni kwa kasi ileile.

Matt Rhule, aliyemrithi Frost, aliletwa na Alberts kwa miaka minane, dola milioni 74. Alianza 5–7, mwaka wa pili 7–6 na ushindi wa Pinstripe Bowl, mechi ya baada ya msimu. Alberts huyo, Machi 2024, akahamia chuo cha Texas A&M. Akaja Troy Dannen. Oktoba 2025 Penn State, chuo alichosoma Rhule, wakamfukuza kocha wao, minong'ono ikaanza, na Dannen mwezi huohuo akamwongezea Rhule mkataba hadi 2032, wiki mbili hivi tu baada ya kipigo cha 24–6 kutoka kwa Minnesota. Mimi ningesubiri msimu uishe kwanza.