Talaka ya maelewano: hesabu kwanza, baraza baadaye

Wanandoa wengi hapa Tanzania hufika kwenye baraza la usuluhishi la ndoa wakiwa na malalamiko tu. Baraza linasikiliza, linashindwa kuwapatanisha, linaandika cheti. Wakifika mbele ya hakimu ndipo inabainika kwamba hakuna anayejua nyumba inadaiwa shilingi ngapi, na kila swali la hesabu linajibiwa kwa hasira. Kama wote wawili mnakubali kwamba ndoa imefika mwisho, kaeni mezani kabla ya hapo.

Lakini mjue kwamba makubaliano yenu peke yake hayavunji ndoa. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, amri ya talaka hutolewa na mahakama, ikiridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Hata mume aliyetoa talaka ya Kiislamu nyumbani bado anahitaji cheti cha baraza na amri hiyo. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili, ombeni kwanza ruhusa ya mahakama. Pamoja na hayo, kifungu cha 108 kinaitaka mahakama iulize mmepanga nini kuhusu matunzo na mali, na ijiridhishe kuwa mpango huo ni wa haki. Hapo ndipo kazi yenu ya mezani inapopata thamani.

Njia hii haimfai anayemwogopa mwenzake. Kama kuna kipigo au vitisho, anzia dawati la jinsia polisi na kwa wakili au msaidizi wa kisheria, kwa sababu makubaliano yanayosainiwa kwa hofu hayana maana.

Anzeni na daftari. Kila mali iwe na mstari wake: ni nini, ilinunuliwa mwaka gani, hati au kadi ina jina la nani, nani alichangia nini, inadaiwa kiasi gani. Msisahau kiwanja ambacho hakijapimwa na mkataba wake wa mauziano uko serikali ya mtaa, hisa za SACCOS, akiba ya VICOBA, bodaboda aliyopewa shemeji aendeshe. Deni la siri ndilo linaloharibu makubaliano kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo kila mmoja alete taarifa za benki na za mikopo ya simu za miezi kumi na miwili.

Mgawanyo si lazima uwe nusu kwa nusu. Kifungu cha 114 kinaangalia mchango wa kila mmoja katika kupata mali, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Kwa hiyo mume asiseme “hakuwa na mshahara” akadhani amemaliza hoja.

Tuchukue mfano wa nyumba. Mthamini anasema ni milioni 60, benki inadai milioni 12. Kinachogawanywa ni milioni 48, si 60. Mkikubaliana asilimia 60 kwa 40, anayebaki na nyumba pamoja na deni lake atamlipa mwenzake milioni 19.2. Andikeni italipwa kwa awamu ngapi, tarehe zipi, kwenye akaunti ipi, na nini kitatokea awamu moja ikikosekana. Halafu nendeni benki pamoja. Benki haifungwi na karatasi yenu: aliyesaini mkopo, au aliyemdhamini mwenzake, ataendelea kudaiwa mpaka benki yenyewe imwachie kwa maandishi. Hapa watu wengi hunasa, wanashtukia barua ya mnada miaka miwili baada ya talaka.

Kuhusu watoto, sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni bora akae na mama, ila dhana hiyo inaweza kupingwa. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. “Baba atatoa matunzo” ni sentensi isiyosaidia mtu. Orodhesheni karo, nauli ya shule, sare, chakula, bima ya afya, na mseme karo italipwa moja kwa moja shuleni. Gawaneni likizo kwa majina, mfano ya Juni kwa baba na ya Desemba kwa zamu, la sivyo mtagombana kila Idi au Krismasi. Mahakama inaweza kubadilisha masharti ya watoto baadaye hali ikibadilika, kwa hiyo msiogope kuandika kiasi mnachokimudu leo.

Rasimu ikiwa tayari, kila mmoja aipeleke kwa wakili wake. Wakili mmoja kwa wote wawili ni nafuu ya bei tu. Mmoja wenu akija kusema hakushauriwa, mtaanza upya.

Ndipo mwende barazani, la kata au la jumuiya yenu ya dini lililoidhinishwa. Wajumbe watajaribu kuwapatanisha, maana ndiyo kazi yao, nanyi jibuni kwa heshima. Wakishindwa, dai cheti na ukisome hapo hapo: kieleze wazi kwamba usuluhishi umeshindikana, kiwe na saini na tarehe. Barua ya “tumewasikiliza” haitoshi. Shauri linapofunguliwa cheti kiwe hakijapita miezi sita tangu kutolewa, na hii ni sababu nyingine ya kumaliza mahesabu kwanza. Ambatanisheni makubaliano na maombi, na mwombe yaingizwe kwenye amri ya mahakama. Amri ikitoka, kila mmoja achukue nakala za hukumu na za amri hiyo zenye muhuri, kwa sababu ofisi ya ardhi na benki zitazitaka kabla ya kubadilisha jina lolote.