Re: Dogo ana miaka 15, polisi wameandika 19

Pole sana mkuu. Umesema dogo ana 15, kadakwa na wenzake na simu ya wizi, ila hati ya mashtaka inasoma 19. Anza na huo umri kabla hata ya wakili, maana Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema chini ya 18 ni mtoto, hafungwi jela na kesi inaenda mahakama ya watoto. Beba cheti cha kuzaliwa, kama hakipo kadi ya kliniki au barua ya shule, toa kopi tu orijino baki nayo, halafu mtafute afisa ustawi wa jamii wa wilaya, huyo ndo anaandika ripoti ya familia, wa kwetu alikuja mpaka chumbani kuangalia mtoto analala wapi. Kwanini dogo aliacha shule akahamia kijiweni sijui, ila afisa ataliuliza hilo, msimfiche.