Usipange Hadithi Usizozimaliza

Juma lililopita kijana mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, aliniandikia kwa salamu na adabu zote, akiniuliza ni kwa nini, katika orodha yangu ya hadithi za mfululizo za jarida la katuni za kisayansi la Uingereza, 2000 AD, nimemweka Halo Jones, msichana wa kawaida, juu ya Judge Dredd, hakimu anayelinda sheria mitaani, ilhali Dredd yumo humo tangu toleo la pili, Machi 1977, na anajulikana hata na watu wasiolisoma jarida lenyewe. Aliambatisha orodha yake ya hadithi kumi. Niliposoma ile orodha nilijiona mwenyewe miaka sita iliyopita, na kwa kuwa najua wengi wenu mnatamani siku moja maoni yenu juu ya katuni yaheshimiwe, namjibu kwa kirefu.

Wakati huo nilialikwa kusoma orodha yangu mbele ya kikundi cha wasomaji katika Mji wa Kale. Nilikuwa nimeipanga kwa sifa za kusikia: Dredd wa kwanza, askari Rogue Trooper wa pili, na Halo Jones wa saba, mkiani kabisa. Nikaeleza kwamba hadithi ya Halo ni ya wasichana wanaohangaika kwenda madukani, na kwamba mtu pekee wa kumtegemea humo ni Toby, mbwa wa chuma, ambaye nilimsifu kwa uaminifu wake. Mzee mmoja, ambaye majarida hayo anayo sandukuni tangu ujana wake, akaniuliza, "Bibie, hadithi hii umeifikisha wapi?" Nilikuwa nimesoma sehemu ya kwanza tu, tena nusunusu. Katika sehemu ya pili inabainika kwamba Toby ndiye aliyemuua Brinna, mwenzake Halo wa nyumba moja. Watu walicheka, na kicheko kile hunirudia kila nipitapo Kibokoni.

Nilianza upya, nikisoma asubuhi kwenye kivuko cha Likoni. Kipande cha kila juma huwa na kurasa tano hivi, kwa hiyo nilikimaliza kabla feri haijagusa upande wa kisiwani, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hadithi ya mfululizo hupimwa kwa namna inavyokuacha kila juma na namna inavyokupokea juma linalofuata. Halo, aliyeanza kuchapishwa mwaka 1984 kwa kalamu ya Alan Moore na michoro ya Ian Gibson, anaishi katika makazi makubwa yenye umbo la pete, yanayoelea baharini kando ya Manhattan, walikorundikwa watu wasio na kazi. Kwenda dukani kule ni safari ya hatari, na anachokitaka yeye ni kuondoka tu. Mimi niliyezaliwa ng'ambo ya kivuko sikuhitaji kuelezwa tamaa hiyo.

Katika sehemu ya tatu Halo ni askari kwenye sayari yenye nguvu ya uvutano iliyo kubwa mno, kiasi kwamba wakati wenyewe huzorota: anapigana dakika chache, na akitoka anakuta nje miezi imekwisha. Niliposoma kipande hicho feri ilifika, abiria wakashuka, nami nikabaki nimeketi hadi nikasemeshwa. Hadithi ya Halo ilipangiwa vitabu tisa, kila sehemu kitabu chake. Vikatoka vitatu tu, kwa sababu ya mgogoro wa haki kati ya watunzi na wachapishaji, na bado hivyo vitatu vinanitosha kumpa nafasi ya kwanza.

Dredd ni wa pili. Namheshimu sana, hasa kwa kuwa anazeeka mwaka kwa mwaka pamoja na wasomaji wake, jambo ambalo mashujaa wengi wa katuni hawajaaliwa. Rogue Trooper nimemshusha hadi nafasi ya tano, kwa sababu nguvu yote ya hadithi yake ilikuwa kumsaka jenerali msaliti, na alipokwisha kulipiza kisasi hadithi ilikosa pa kwenda. Hilo nalo hutalijua ukiishia katikati.

Kwa hiyo, mdogo wangu, soma hadi mwisho. Usikubali sifa za watu zikupangie. Soma hadi mwisho, kisha andika sababu moja kwa kila nafasi, sababu uliyoiona kwa macho yako kwenye ukurasa. Katika orodha yako Halo ni wa tisa, na hukuandika neno lolote kumhusu. Nakala yangu ya vitabu vyote vitatu iko tayari. Nijulishe siku utakayovuka kuja Likoni uichukue.