Nilihesabu saa, sikuona alichoacha

Mhariri, wiki hii mmeuliza mzazi atajuaje kwamba mtoto wake amenaswa na gemu za mtandaoni, na afanye nini. Nawajibu kwa yaliyonikuta nyumbani kwangu, Tanga.

Nilichelewa kujua kwa sababu nilikuwa nahesabu saa. Mwanangu yuko kidato cha pili. Akicheza saa mbili, tatu, nasema afadhali, yuko ndani, hazururi. Sikuona anachoacha. Aliacha mpira wa jioni. Akaacha kula na wenzake, sahani yake inafunikwa mpaka wali unapoa. Sikukuu ya Idi akabaki chumbani, wenzake wako mtaani na nguo mpya.

Usiku mmoja, saa nane, nikasikia sauti chini ya shuka: "Nifufue! Nifufue, nakufa!" Nilikimbia nikijua mtoto anaumwa. Kumbe anaongea na kikosi chake. Mchezaji akipigwa risasi, mwenzake humfufua. Shuka limelowa jasho. Kulipokucha nikaangalia salio la simu yangu: 2,000 imetoka, 5,000, 2,000 tena. Kanunua almasi za gemu, yaani pesa ya humo ndani ya mchezo.

Nikamnyang'anya simu. Nilikosea. Siku mbili hakulala, akifoka kwa kila neno, na ya tatu nikaambiwa yuko kwa jirani, anacheza kwa simu ya mwenzake.

Ndipo nikampeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili. Alinieleza kuwa Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu huu kwenye orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Wanachotazama ni mtu kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mbele ya mambo mengine, na kuendelea kucheza hata madhara yakionekana, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Wetu hakuwa amefika huko, lakini akasema tusisubiri afike.

Kisha akamuuliza mtoto swali ambalo mimi mama yake sikuwahi kuliuliza: "Humo ndani unakutana na nani?"

Mwanangu ana kigugumizi. Darasani wanamwigiza. Kwenye kikosi, akasema, yeye ndiye anayewaongoza watatu wengine, na hakuna anayemcheka. Nikaukumbuka usiku ule. "Nifufue" aliitamka moja kwa moja, bila kukwama.

Tangu hapo tunahesabu mechi, si dakika, maana kumkatisha katikati ni kumfanya awasaliti wenzake, na ugomvi wote ulianzia hapo. Ni mechi 2 baada ya kazi za shule. Saa tatu usiku simu zote, yangu ikiwamo, zinalala sebuleni. Namba yangu ya siri nimebadilisha. Nilikwenda pia kuongea na mwalimu wa darasa kuhusu wanaomwigiza, na nadhani hilo limesaidia kuliko yote. Jumamosi anashinda kwa mjomba wake, fundi seremala, anayemsubiri amalize sentensi yake.

Mwezi uliopita aliteleza, akacheza mpaka alfajiri kwa simu ya kuazima. Safari hii sikupiga kelele. Nilikaa kitandani kwake nikamuuliza nani alikuwa anamhitaji usiku ule. Alinyamaza sana, halafu akaanza kunieleza, pole pole, na mimi nikasubiri.