Maswali na Majibu: Wapiga viola na walimu wao

Tangu nilalamike kwamba tanzia za wanamuziki wa okestra husifu tabia na kusahau kazi na walimu wao, barua zimemiminika. Nachagua chache.

Viola si fidla kubwa tu? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Ni ala ya upinde, jamaa wa fidla, yenye sauti nzito zaidi: noti za nyuzi zake kutoka chini ni C, G, D na A. Za fidla ni G, D, A na E. Nimeshalijibu hili mara nyingi. Likija tena, linakwenda kapuni.

Ni kweli Lionel Tertis aliikataa koncheto ya Walton? (Msomaji, Nairobi)

Kweli. Koncheto hiyo, utungo wa viola na okestra, mtunzi Mwingereza William Walton aliitunga akimfikiria Tertis, mpiga viola Mwingereza, akampelekea, ikarudishwa: Tertis aliiona ya kisasa mno. Tarehe 3 Oktoba 1929 ikapigwa Queen's Hall, London, na Paul Hindemith, mtunzi Mjerumani aliyekuwa pia mpiga viola hodari, Walton mwenyewe akiongoza okestra. Baadaye Tertis alikiri kwamba alikosea, na akaipiga.

Lakini kwa nini kila anayemkumbuka Tertis huanzia hapo? Alizaliwa 1876, akafariki 1975. Alianza kazi wakati viola ilikuwa kimbilio la wapiga fidla walioshindwa. Akaifundisha katika Royal Academy of Music, chuo cha muziki cha London, akawasumbua watunzi mpaka wakaiandikia. Hayo huwekwa mstari wa mwisho, kama yamewekwa.

Kulikuwa na wanawake waliopiga viola okestrani zamani hizo? (Msomaji, Arusha)

Rebecca Clarke, Mwingereza, mzaliwa wa 1886. Alichukua masomo kwa Tertis huyohuyo. Baba yake alimfukuza nyumbani, ikabidi viola imlishe. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kiongozi wa okestra Henry Wood alimwajiri katika okestra ya Queen's Hall pamoja na wanawake wengine wachache, na kazi hiyo ilihesabiwa ya wanaume.

Mwaka 1919 alipeleka sonata yake ya viola, yaani utungo wa viola na piano, kwenye shindano la watunzi la Elizabeth Sprague Coolidge, Marekani. Majina yalifichwa ndani ya bahasha. Kura zikagawanyika sawa kati yake na mtunzi Ernest Bloch, Coolidge akaamua kwa kura yake, Bloch akashinda. Bahasha ya pili ilipofunguliwa ikatoka jina la mwanamke, na wapo waliodai ni jina la bandia! Alifariki New York 1979. Mnaomwita "mtunzi" mkaishia hapo mnamfuta mfanyakazi aliyekaa kitini usiku baada ya usiku.

Mbona huandiki vichekesho vya wapiga viola? (Msomaji, Dodoma)

Vile ambavyo wapigaji wa ala nyingine huwadhihaki navyo? Vimechakaa.

Mwalimu wetu wa fidla amefariki. Maisha yake yote alikaa safu ya nyuma. Kwenye tanzia tuseme nini? (Wanafunzi wake, Mombasa)

Poleni sana, wanangu. Msianze na "alikuwa mcheshi na mwenye upendo", maana hayo huandikiwa kila marehemu. Andikeni nani alimfundisha, alikaa kiti gani, miaka gani, mkono wake wa upinde ulikuwaje, na wanafunzi wake wako wapi leo. Waulizeni wenzake wa safu hiyo wiki hii, kabla nao hawajaondoka.

Tazameni Moscow. Vadim Borisovsky alipiga viola katika Kwateti ya Beethoven, kundi la wapigaji wanne, na kufundisha konsavatori, yaani chuo cha muziki. Alipoacha kiti, alikikalia mwanafunzi wake, Fyodor Druzhinin. Mtunzi Mrusi Shostakovich alimtunukia mwalimu kwateti yake ya 13, utungo wa wapigaji wanne, ya mwaka 1970: viola inaianza peke yake, katikati wapigaji wanagonga mbao za ala zao kwa upinde, na mwishoni viola inapanda juu kabisa, fidla zikijiunga na sauti hiyohiyo. Mwanafunzi naye alitunukiwa sonata ya viola, kazi ya mwisho ya mtunzi huyo, aliyefariki Agosti 1975. Mpiga viola Yuri Bashmet, anayejulikana duniani kote, alifundishwa na wote wawili.

Au Joseph de Pasquale: aliongoza safu ya viola katika okestra ya Boston, Marekani, kuanzia 1947, kisha Philadelphia kuanzia 1964 hadi 1996, huku akifundisha Curtis, chuo cha muziki cha huko. Karibu nusu karne. Wangapi kati yenu mmewahi kulisikia jina hilo?

William Primrose alikuwa Mmarekani? Na Bartók alimmalizia koncheto yake? (Msomaji, Kigoma)

Mpiga viola huyo alikuwa Mskoti, mzaliwa wa Glasgow, 1904. Alifia Provo, Utah, 1982. Koncheto haikumalizwa na Bartók, mtunzi wa Hungaria. Alifariki Septemba 1945 akiacha rasimu, mtunzi mwenzake Tibor Serly akaiunga, na Primrose akaipiga mara ya kwanza Minneapolis mwaka 1949. Anayewauzia nakala zilizoandikwa "Bartók" bila jina la aliyeiunga anawapunja.